Baba wa Watu Asiowajua

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikanyagwa na trekta katika shamba kubwa la mahindi karibu na Kitale, na shida ikaingia kwetu bila kubisha hodi. Darasa la pili niliacha katikati. Nilipalilia mahindi ya watu, nikabeba magunia ya watu, nikalala katika stoo za watu. Sisemi hivi ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba mtu ninayemwandika leo ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa na miaka thelathini na tano, mke, watoto wanne, na kisiagi changu cha kwanza cha kusaga unga. Bila yeye nisingeweza kuandika haya wala nyinyi msingeyasoma. Ndiyo maana nimechelewa kuyaandika, na ndiyo maana nikimfikiria nasikia kama nimemeza nzi.

Sitamtaja jina. Tulimwita Mwalimu, na inatosha. Mke wake yuko hai, ni mama mzuri, na kosa lake pekee ni kumpikia chai kwa miaka arobaini.

Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea mikono ikiwa nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Shati alilifunga vifungo mpaka cha shingoni, hata shambani, hata kwenye jua la Januari. Alikuwa na tabia ya kupatia kila kitu alama. Mahubiri yakiisha, watu wakitoka kanisani, unamsikia nyuma yako: "Sita. Alianza vizuri, akapotea kwa Musa." Chai aliipatia alama. Mazishi aliyapatia alama. Nilipojenga nyumba yangu ya Kamukuywa aliizunguka mara mbili, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Saba. Madirisha umeyaonea." Nilikasirika wiki nzima, halafu nikapanua madirisha. Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lilikuwa linaudhi.

Kunifundisha alinifundisha kwa heshima, hilo siwezi kumnyang'anya. Mimi sikutaka kwenda gumbaru, darasa la watu wazima, kukaa benchi moja na mama za watu wakinicheka. Yeye alikuja mwenyewe kwenye kisiagi Jumamosi mchana, mashine ikiwa imezimwa ipoe. Hakuleta kitabu. Alinisomesha magunia ya mbolea, mikebe ya mafuta, kalenda ya duka. Neno langu la kwanza nililisoma kwenye gunia. Aliniambia, "Kuanzia leo hakuna mtu atakuambia karatasi inasema nini." Na kweli, nilipokwenda kununua shamba, muuzaji alikuwa ameandika ekari moja na nusu badala ya mbili. Nilimwekea kidole hapo hapo penye uongo wake. Shamba hilo ninalo mpaka leo kwa sababu ya Mwalimu.

Kwa hiyo kijana wake alipomtaka binti yangu Nafula, sikuuliza maswali. Ningemuuliza nini mtoto wa mtu kama huyo? Siku ya harusi, pale Mabanga, ng'ombe wa pembe moja alijiingiza kanisani na kusimama katikati ya njia, bibi harusi nyuma yake, akakataa kutoka mpaka akamaliza maua ya mlangoni. Watu walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Mwalimu aliipatia harusi nane na nusu. "Ng'ombe ameondoa moja na nusu," alisema.

Sasa niseme jambo la desturi yetu, kwa wale wasomaji wa mbali. Kwetu baba mkwe na mke wa mtoto wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Baba mkwe haketi kiti alichoketi mke wa mtoto wake, na mambo ya ndani ya nyumba ya huyo mke hayapaswi kufika masikioni mwake. Siku hizi wengi wanalegeza. Mwalimu hakulegeza hata uzi mmoja. Akifika boma la kijana wake alikohoa langoni mara tatu, kisha akangoja Nafula aingie jikoni ndipo aingie uani. Siku moja tulikuwa Malakisi kwa mazishi, pikapu ya kanisa ikaja kuturudisha, akachungulia ndani, akamwona Nafula ameketi nyuma na akina mama wengine. Alifunga mlango polepole, akasema anapenda kutembea. Alitembea na viatu vyake vya kamba mpaka barabara kubwa.

Iko nyingine ambayo aliipenda zaidi kuisimulia. Alikwenda Mabanga kwa kijana wake, kijana hayupo, mvua ikamshika. Nafula peke yake ndani. Akasimama chini ya ukingo wa zizi mchana mzima, maji yakimwingia mgongoni. Nafula alimpelekea kiti kwa mkono wa mtoto. Mwalimu alimrudishia, kwa sababu aliwahi kumwona Nafula amekikalia. Alikohoa wiki mbili. Aliposimulia alijipa kumi kwa kumi, na sisi sote tulikubali hiyo kumi.

Halafu akastaafu.

Nilimwona akiisha. Mtu aliyezoea darasa zima linasimama akiingia, sasa anaingia dukani na hakuna anayegeuka. Aliniambia, "Mkwe, nimefundisha miaka thelathini na sita. Wanafunzi wangu wakinikuta mjini wananisalimia mbio mbio kama wameacha maziwa motoni." Nilimwambia afuge kuku. Alinitazama kama nimempatia mbili kwa kumi.

Kuku hakufuga. Alifungua blogu. Kwa wale wa rika langu, blogu ni kama daftari lako umeliacha wazi juu ya meza sokoni: anayepita anasoma, na akitaka anaandika yake hapo chini. Mwanafunzi wake wa zamani mwenye kompyuta pale Kitale ndiye alimtengenezea. Jina lake hakuliweka, wala picha. Alijiita Mzee wa Mlimani. Aliandika juu ya kupanda mahindi, kulea watoto, adabu ya mezani, namna ya kuishi na bwana au bibi mkali. Watu wakaja. Kwanza watano, kisha wakawa wengi, kutoka Bungoma, Nakuru, hata wengine walioko ng'ambo kwenye baridi. Walimwita Baba. "Shikamoo Baba." "Baba leo umenigusa." Naye aliwajibu wote, mmoja mmoja, kabla chai haijapoa. Mke wake angemuuliza mara tatu kama atakula ugali au wali, asijibiwe. Lakini mtu asiyejulikana sura akiuliza kwa nini mchumba wake amenuna, huyo alijibiwa kurasa mbili.

Mimi hayo yote sikuyajua. Alinificha mwaka mzima na zaidi.

Nilijua kupitia Nafula. Alikuja Kamukuywa kunisaidia kuanika mahindi. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tukichambua, akatoa simu.

"Baba, kuna mzee fulani anaandikanga huku kwa mtandao. Wacha nikusomee. Ati ana maneno kama ya Mwalimu, lakini huyu anaongea na watu."

"Anauza nini?"

"Hauzi kitu, bana. Anasikiza tu." Akatupa punje mbovu pembeni. "Mimi pia naandikanga hapo. Najiita Mama Njiwa. Usiambie mtu."

"Unaandika nini?"

"Vitu za nyumba. Baba, si unajua siwezi kuongea na Mwalimu. Mama mkwe naye, nitamwambiaje kuhusu mtoto wake? Wewe nikikwambia utakuja na rungu. Huyu mzee hanijui, simjui. Inanisaidia."

Nilitaka kuuliza vitu gani vya nyumba, lakini alikuwa tayari anasoma. Ilikuwa hadithi ya mtu mmoja mwenye kisiagi, mkorofi, mwenye kichwa kigumu, aliyejifunza kusoma kwa magunia ya mbolea, na siku aliposoma neno la kwanza alilia kama mtoto mchanga.

Nikamwambia anipe hiyo simu. Nikasoma mwenyewe, na kidole chini ya mstari. Kwanza, sikulia. Kisiagi kina vumbi la unga, na vumbi linaingia machoni, mtu yeyote mwenye kisiagi atawaambia. Pili, siku hiyo tulikuwa wawili tu pale, mimi na Mwalimu.

Nilimrudishia simu nikasema nakwenda kuangalia mashine. Mashine haikuwa na shida. Nilikaa nyuma ya magunia, kwa sababu ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshika ncha zote mbili za kamba, na mtoto wangu alikuwa ameshika moja tu. Sikumwambia. Huo uoga ni wangu na ninauandika pia.

Siku tatu nilisoma barua za Mama Njiwa. Ninasoma polepole, kwa hiyo zilinichoma polepole. Mambo yaliyokuwamo sitayarudia hapa. Nafula ameyasoma haya kabla yenu, na palipokuwa na jambo lake la ndani akasema, "Baba, toa hiyo," nimetoa. Jueni tu kwamba bwanake alikuwa na nyumba nyingine Kitale, na kwamba hilo lilikuwa dogo kuliko mengine. Mahali fulani niliweka simu chini nikaenda kunawa mikono, kama mtu aliyeshika mzoga.

Halafu nikafika kwenye barua ya ng'ombe. Mama Njiwa alikuwa anajaribu kuchekesha wenzake, akawasimulia ng'ombe wa pembe moja aliyekula maua ya harusi yake. Nchi hii ina harusi nyingi, lakini ya ng'ombe huyo ni moja. Chini ya barua hiyo, Mzee wa Mlimani, yeye ambaye hujibu kabla chai haijapoa, alikaa siku mbili kimya. Siku ya tatu akaandika: "Endelea, binti yangu. Baba anasikiliza."

Na binti akaendelea. Miezi saba.

Nilikwenda Kitale, nyumbani kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani amevaa miwani, simu mkononi, shati limefungwa mpaka shingoni.

"Mwalimu, Mama Njiwa ni nani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Umesoma?"

"Si ulinifundisha mwenyewe."

Nikavuta kiti. "Ulimjua lini?"

"Siku ya ng'ombe."

"Na ukamwambia aendelee."

"Mkwe, tulia. Ningenyamaza angemwambia nani? Nyumbani kwake siwezi kuingia. Kule naweza kumsikiliza. Kule hakuna kiti, hakuna mlango."

"Ulisikia nini kule?"

"Nilisikia anateseka."

"Anateswa na nani?"

Akaangalia barabara.

"Mwalimu, ninakuuliza. Anateswa na mtoto wa nani?"

"Barua zile zimesaidia watu wengi," akasema. "Kuna mama wa Malakisi ameniandikia, amerudiana na bwanake."

"Kijana wako anauza dawa za mifugo mtaa wa pili kutoka hapa. Nimepita, nimemwona. Umemwita hata mara moja?"

"Nikimwita atauliza nimejulia wapi."

Mtu huyu alinyeshewa mchana mzima asiketi kiti cha mke wa mtoto wake, kumbe kwenye simu ameketi katikati ya chumba chake cha kulala, anauliza maswali, na wasomaji wanampigia makofi. Mwanzoni lilikuwa kosa la bahati mbaya, hakuna wa kumlaumu. Kwetu kosa kama hilo lina njia yake. Mtu anajitaja, analeta kondoo, wazee wanakaa, nyama inaliwa, linakwisha, na kila mmoja anaangaliana na mwenzake tena. Alikuwa na njia, iko wazi, na yeye ndiye aliyekuwa anawaelekeza wengine njia hiyo. Lakini barua za Mama Njiwa ndizo zilizosomwa kuliko zote. Angejitaja angepoteza hiyo sifa.

Nilimpa mpaka palizi ya pili iishe. Amwite kijana, na amtume mkewe akamwambie Nafula ukweli. Aliahidi. Alinisindikiza mpaka barabarani, mikono nyuma.

Palizi ya pili iliisha. Badala ya kumwita kijana, aliandika. "Rafiki Yangu Mwenye Hasira," ndivyo alivyoiita. Eti mzee mmoja mwenye kisiagi, mtu wa zamani, haelewi kwamba dunia imebadilika na kwamba sikio la mgeni lina dawa. Wasomaji wake wakaniangukia. Mmoja aliandika, "Huyo mzee wa kisiagi aende asage wivu wake." Hiyo nilicheka, ilikuwa nzuri. Zingine sikucheka. Nafula naye aliandika, maskini: "Baba usivunjike moyo, sisi watoto wako tuko."

Siku hiyo nilipanda pikipiki mpaka Mabanga nikamwambia.

Alikuwa anapepeta maharagwe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapunguza.

"Yote ameyasoma?" akauliza.

"Yote."

"Na alijua ni mimi."

"Tangu ng'ombe."

Akaendelea kupepeta. Maharagwe yakawa safi. Akayamwaga, akayarudisha kwenye ungo, akaanza tena kupepeta yale yale masafi. Mwisho akasema, "Siku ya mvua nilimpelekea kiti akakataa. Nilimwonea huruma, Baba. Nilisema huyu mzee ananiheshimu namna gani."

Wiki hiyo hiyo alihamia Kamukuywa na watoto wawili. Bwanake hakumfuata. Alipiga simu mara moja kuuliza lilipo tangi la maji.

Mwalimu hakufunga blogu. Wasomaji walipouliza Mama Njiwa amepotelea wapi, aliwajibu kwamba Mama Njiwa amempigia simu, anaendelea vizuri, amepata amani. Nafula hakuwa amepiga. Hapo nilielewa kwamba wale watu aliwapenda kwa sababu hakuna hata mmoja angeweza kuja mlangoni kwake kumwangalia.

Ndipo nikafungua hii blogu yangu. Nafula alinionyesha pa kubonyeza; mwenyewe alikuwa ameapa hataandika tena, lakini alikaa nami jioni nne mezani mpaka nikajua. Ninaandika kwa kidole gumba kimoja. Nimeweka jina langu lote na picha yangu mbele ya kisiagi. Mwezi wa kwanza wasomaji walikuwa watatu, na mmoja alikuwa mke wangu. Sasa mpo wengi kidogo. Yuko mama mkulima wa tumbaku kule Malakisi anayeuliza juu ya mashine za kusaga, tukabishana juu ya mawe ya kusagia mpaka akaja na gari nimwonyeshe. Wako vijana wanaojifunza biashara. Wako wazee wenzangu waliochelewa kusoma, hawa ndio ninaowapenda. Mtu akiniita Baba humu, namuuliza kwanza baba yake yuko wapi na alimpigia simu lini. Akianza kunieleza mambo ya chumbani namwambia afute, atafute mtu wa kumtazama usoni. Wengine wamekasirika wakaenda. Waende.

Mwalimu alikuja baada ya mavuno ya mwaka jana. Nilikuwa uani. Nikasikia kikohozi langoni, mara tatu. Amekonda, shati limekuwa kubwa shingoni lakini vifungo vyote vimefungwa. Alikuwa anavuta kondoo kwa kamba, peke yake.

"Mkwe," akasema, "nimekuja kulimaliza."

"Kijana yuko wapi?"

"Amekataa kuja."

"Ulimwambia ulijulia wapi?"

Akaangalia kondoo. "Nilimwambia nimesikia kwa watu."

Nilikuwa natafuta neno la kumfukuzia. Kabla sijalipata, mlango wa jikoni ukafunguka na Nafula akatoka. Kwa desturi alipaswa kujificha. Alibeba viti viwili. Kimoja akakiweka mbele ya Mwalimu, cha pili akakiweka mkabala nacho, akaketi, mikono magotini.

"Karibu ukae, Mwalimu."

Alibaki amesimama.

"Ulikuwa unaniuliza vitu," Nafula akasema, sauti ya kawaida tu, kama anayeongea na mtu wa dukani. "Uliuliza kama nalala. Uliuliza kama amenipiga. Mimi ndiye huyu. Niulize."

Kuku walipita katikati yao. Mtu aliyeongea mbele ya watu miaka thelathini na sita aliizungusha kamba ya kondoo mkononi, akaifungua, akaizungusha tena. Mimi nilingoja. Mungu anajua nilikuwa nataka aulize. Angeuliza moja tu, hata la kijinga, akiwa amemwangalia, ningechinja yule kondoo mwenyewe.

"Watoto hawajambo?" akasema, na aliliambia jani la mgomba.

"Hawajambo," Nafula akajibu. Akangoja kidogo tena. Kisha akainuka, akabeba viti vyote viwili, akarudi jikoni.

Nilimfungulia Mwalimu lango. Alitoka na kondoo wake, akishika upande wa barabara ya Kitale, na mara hii mikono haikuwa nyuma kwa sababu ya kamba. Hatujaonana tena. Naambiwa bado anaandika.

Leo nina visiagi viwili, kimoja Kitale, kimoja Kamukuywa. Nina ekari mbili zenye hati na nusu ekari ya kukodi. Nina ng'ombe wa maziwa watatu, pikipiki moja, na simu hii iliyopasuka kioo. Nina hii blogu, yenye jina langu. Nina nyumba ya vyumba vitano yenye madirisha makubwa; kimoja ni cha Nafula, na ufunguo wake anao yeye.